Jet ski ya Mama Espoir iligoma siku tatu kabla ya ubatizo, nikamtukana aliyenivuta

Wakuu, salamu kutoka Uvira, huku juu kabisa kwenye kichwa cha Tanganyika.

Mimi ni fundi. Pikipiki na injini za boti, kibanda changu kiko Kasenga. Nyuzi za humu nimezisoma miaka mingi bila kuchangia hata nukta, ila hili la wiki iliyopita limenikaa kooni na nisipolitoa nitaugua. Nitalieleza lilivyokuwa, hata pale ninapoonekana mjinga. Na naonekana mjinga kwelikweli, kwa hiyo wenye hamu ya kunicheka wawe na subira, zamu yao inakuja.

Kiswahili changu ni cha huku Kongo, nimejitahidi kukinyoosha. Pakipinda mtanisamehe.

Iko hivi.

Kuna mama mmoja ana plaji ndogo, ufukwe wa kuogelea, upande wa kwenda Kalundu. Viti vya plastiki, soda, samaki wa kuchoma, Jumapili watoto wanajaa. Tunamwita Mama Espoir. Espoir alikuwa kitinda mimba wake. Alifuata mpira kwenye maji mchana kweupe, watu wanamwona. Wanaume wakakimbilia mtumbwi, mtumbwi hauna kasia. Kasia ilipopatikana mtoto alikuwa ameshazama.

Hapo sitaongeza.

Mtoto wake mkubwa anaishi Ulaya. Baada ya msiba ule alimtumia mama yake jet ski, ile pikipiki ya majini, used, two-stroke ya zamani. Ilipita Dar, ikapita Kigoma, ikavuka ziwa juu ya magunia ya saruji. Haikuletwa kwa ajili ya starehe. Ni ya kuokolea watu. Mama anaiita "pikipiki ya Espoir" na ana sheria moja tu: kama haiko majini, tayari kuwaka, hakuna mtu kuoga kwenye plaji yake. Uwe nani, uje na nani, huogi.

Sasa kanisa letu linabatizia hapo kila mwaka, kwa sababu chini ni mchanga na maji yanaongezeka kina taratibu. Ukienda kule karibu na mdomo wa Ruzizi kuna viboko. Ukienda bandarini ni mafuta na takataka. Pale kwa mama ndipo penyewe.

Na Jumapili ile kwenye orodha ya kubatizwa alikuwemo binti yangu Naomi, miaka kumi na minne. Miezi sita ya mafundisho. Bibi yake alimshonea kanzu nyeupe kule Kamanyola akaileta mwenyewe juu ya pikipiki, ameipakata kama yai, vumbi lote la barabara akalila yeye. Mchungaji mkubwa anayebatiza anatoka Bukavu, na akishaondoka hatujui atarudi lini.

Alhamisi asubuhi simu inaita. Mama Espoir.

"Fundi, pikipiki ya Espoir haiseme kitu. Kuja."

Nilipofika nikamkuta mchungaji wetu wa hapa anambembeleza. Anamwambia, "Mama, tangu lini ubatizo ukangojea mashini?"

Mama akamjibu, "Tangu Espoir."

Na mimi nikajua kazi imeniangukia.

ALHAMISI

Tatizo la kwanza: kimya. Unabonyeza kitufe cha kuwasha, hakuna hata mlio. Hakuna tiki, hakuna kuguna, hakuna chochote.

Wakuu, mashine ikiharibika Uvira ndipo utajua kuwa mji mzima ni mafundi. Sijafungua hata kiti kinachofunika injini, watu kumi na wawili wamenizunguka. Dereva wa pikipiki anasema kabureta. Muuza mikate anasema petroli ina maji. Mmoja alikuja kuoga tu, yuko na taulo shingoni, anasema "mie nilifanya kazi Bujumbura, iyo ni sensa." Sensa ya nini, kidude kinachopima nini? Hajui. Ni sensa tu.

Mimi nikafuata akili yangu. Betri kwanza. Nikaitoa, nikaichaji, nikasugua vichwa vyake kwa msasa mpaka vikang'aa. Nikarudisha. Kimya. Nikafuata fyuzi, nzima. Nikatoa buji, nyinyi Bongo mnaita plagi, safi kabisa. Nikaunganisha stata moja kwa moja na betri, ikazunguka. Kwa hiyo stata nzima, betri nzima, ila ukibonyeza kitufe ni kimya.

Saa nne zimepita hivyo. Jua la huku mnalijua wenyewe.

Nikaenda kujisaidia, choo kimefungwa. Nikamuomba ufunguo mlinzi wa plaji, Papa Bahati, mzee mpole sana, hana neno na mtu. Akanipa ufunguo umening'inia kwenye kamba nyekundu, imejikunja kama waya wa simu za zamani, mwishoni ina kidude cha plastiki.

Nikasimama pale mlangoni nimeshika ile kamba.

"Papa, hii umetoa wapi?"

"Iko yangu. Niliokota pale kwa pikipiki, ilikuwa inaning'inia bure."

Bure! Wakuu, kwa wasiojua: kila jet ski ina kamba ya usalama. Kidude cha mwisho kinachomekwa karibu na kitufe, upande wa pili unaivaa mkononi. Ukianguka, kamba inachomoka na injini inazima, mashine isikukimbie au kukurudia kichwani. Kidude kisipokuwepo, haiwaki. Hata uite mafundi wa dunia nzima, haiwaki.

Nilichomeka, nikabonyeza, ikawaka palepale. Watu wakapiga makofi kama nimefanya muujiza. Papa Bahati akaniuliza, sasa ufunguo wa choo atautundika wapi. Nikamwambia autundike shingoni. Saa nne za maisha yangu, wakuu, na choo bado sikuwa nimeingia.

IJUMAA

Nikarudi asubuhi kuijaribu majini, nimekwisha kujiona mshindi. Tukaisukuma, nikapanda, nikavuta gesi.

Injini inalia kwa nguvu zake zote. Mashine haiendi. Inasogea kama bata mzee.

Fundi mwenzangu mmoja alikuwa pale, tena wa pikipiki, akatangaza kwa sauti kubwa kwamba klachi imeungua. Nikamwambia jet ski haina klachi. Akasema haiwezekani, kila kitu kinachotembea kina klachi. Tulibishana mpaka nikaona nitamrushia spana.

Ngoja niwaelekeze wasioijua. Jet ski haina panga la kusukuma maji linaloning'inia nje kama injini ya boti. Chini ina mdomo unaonyonya maji, ndani kuna feni, inayatema nyuma kwa nguvu, ndiyo inakusukuma. Injini ikilia na usiende, mara nyingi kuna kitu kimeziba mdomo au kimejizungusha kwenye mhimili wa feni.

Tukaitoa nje, watu wanane, tukaipandisha juu ya matairi chakavu. Nikaingia chini kwa mgongo.

Chandarua!

Chandarua cha mbu cha buluu, kimejizungusha kwenye mhimili mpaka kimekuwa kigumu kama mti. Wakuu, mnajua kimetokea wapi. Kuna watu wanavua vitoto vya ndakala, dagaa wa huku, kwa vyandarua pembeni ya maji, wanajua si halali, na kikichanika wanakiachia humohumo ziwani. Baadaye wanalalamika samaki hakuna. Mungu anawaona.

Kwa saa mbili na nusu nimelala chini, kisu kidogo na koleo, nakata uzi mmoja mmoja, mchanga unaniingia machoni. Na pembeni kuna mtu ananiuliza kwa nini nisikichome kwa kiberiti. Kwa kiberiti! Chini ya tangi la petroli!

Jambo moja la muhimu: kabla ya kuingiza mkono mle ndani, chomoa ile kamba nyekundu, uitie mfukoni mwako. Akija mjuaji mmoja akabonyeza kitufe "kujaribu tu", vidole havina spea.

Mchana ikawa tayari. Nikaingia majini, nikavuta gesi, ikaruka. Wakuu, nisiwafiche, kwa dakika tatu nilijisikia raha. Upepo usoni, milima ya Burundi kule ng'ambo, nyuma mama amesimama anaangalia. Nikasema Naomi atabatizwa.

Dakika ya nne, piiiiiiiii.

King'ora cha joto. Nikazima mara moja, hapo nilifanya vizuri. Nikafungua kiti, mvuke unatoka. Nikaelewa: vipande vya uzi wa chandarua vimeingia kwenye njia ya maji ya kupooza injini. Mashine hii inajipooza kwa maji ya ziwa yanayonyonywa na ileile feni. Njia ikiziba, inachemka.

Basi niko karibu kilomita moja kutoka ufukweni, nimekaa juu ya mashine iliyozima, nafanya nini? Nikavua shati nikapunga.

Ikaja boti ya mizigo inatoka upande wa Baraka. Madumu ya mawese, magunia, mbuzi, akina mama wamejaa. Kapiteni ni Sadiki, mtu mzima, kila mtu wa ufukwe huu anamfahamu.

Nieleze kitu kimoja kwa wageni. Kwenye ziwa letu, chombo kikizima, wa kwanza kupita anakufunga kamba anakuvuta. Haulizi weye nani. Hakuna bei. Mlipigana jana, leo atakuvuta. Asiyefanya hivyo hatakaa na watu. Na wakikuvuta wanaimba, ndiyo desturi, kukutoa aibu.

Wakanifunga kamba, wakaanza kuimba, wakatia full speed.

Sasa yule mtoto wa Mama Espoir aliyeko Ulaya alikuwa amenionya zamani kwa sauti za WhatsApp: jet ski iliyozima haivutwi kwa kasi. Maji yanasukumwa ndani kupitia njia ya kupooza, yanajaa kwenye bomba la moshi, yanarudi mpaka ndani ya injini. Ivutwe kwa mwendo wa mtu anayetembea, au ubane kwa kibanio mpira unaoingiza maji ya kupooza. Kibanio changu kilikuwa ufukweni kwenye begi.

Nikapiga kelele, "Polepoleee!"

Wale akina mama wakanipungia mikono. Nikapiga tena. Wakaimba zaidi, walidhani nashangilia. Nimetandikwa na mawimbi kilomita nzima, nimeshika usukani kwa meno.

Tulipofika nilikuwa nachemka kuliko ile injini. Kabla ya yote nikachomeka mpira wa maji kutoka kwenye tangi la bafu la mama, kwenye tundu lake la kusafishia, nikafungua bomba, maji yasukume zile nyuzi zitoke. Nikayaacha yaende.

Hapa naomba muelewe malezi yetu. Baba yangu alikuwa fundi wa injini za boti. Kitu cha kwanza alichonifundisha: injini ya boti huiwashi nchi kavu. Unaitumbukiza kwenye pipa, unajaza maji, ndipo unavuta kamba ya kuwashia. Maji kwanza, injini baadaye. Ukigeuza, umeunguza pampu. Fundi yeyote wa Uvira muamshe usingizini, atakutajia hilo kabla hajakutajia jina lake.

Kwa hiyo maji yanaenda, na mimi nikamgeukia Kapiteni Sadiki. Nikamfokea. Kwamba amenivuta kama gunia la mihogo, kwamba hana masikio, kwamba hana akili. Mtu mzima yule, mbele ya vijana wake. Dakika kumi nzima. Yeye anakunja kamba yake tu.

Nilipochoka nikafunga maji, nikabonyeza kitufe.

Tok.

Mara moja tu. Tok. Basi.

Fundi yeyote anaujua mlio ule. Ni pistoni inapiga maji. Maji hayashindiliki, pistoni inakwama. Ukilazimisha unapinda vyuma vya ndani, na hapo ndiyo mwisho wa mashine.

Nikamrukia Kapiteni upya. "Muliniulia mashini! Nani aliwaita? Heri mungeniacha!"

Wakuu, nilisema hivyo. Heri mungeniacha.

Watu wote wakageuza macho. Nikageuka. Mama Espoir alikuwa nyuma yangu na sinia la soda, alikuwa anawaletea wale vijana walionivuta. Aliweka sinia juu ya meza, akaingia ndani, akafunga mlango.

Kapiteni akasema "Aya," akapanda boti yake, wakaondoka. Soda zilibaki pale.

Jioni nyumbani mke wangu alikuwa ameshasikia. Huku habari haihitaji simu. Alinitengea chakula, akakaa upande wa pili na bibi ya Naomi, wakanipa mgongo. Naomi alikuwa anajaribu kanzu yake. Aliniuliza tu, "Papa, itawaka?"

Nikamwambia itawaka.

JUMAMOSI

Saa moja asubuhi niko plaji. Nina hasira na vyandarua, na Papa Bahati, na Kapiteni, na watu wote wanaoimba.

Jinsi ya kutoa maji ndani ya injini, kwa atakayehitaji. Toa buji zote. Nyaya zake ziguse chuma mbali na matundu, cheche isikutane na mvuke wa petroli. Acha kiti wazi hewa ipite. Kisha bonyeza stata kwa muda mfupi mfupi. Maji yatatoka kwenye matundu kwa kasi, kwa hiyo usisimamishe uso wako hapo juu.

Nilimwambia Papa Bahati hivyo hivyo. Akainama kutazama "yanatokea wapi". Yalitokea, yakamkuta usoni. Nikacheka mara ya kwanza tangu Alhamisi, na yeye akacheka, tukapatana.

Nikarudia mpaka yakaisha. Nikatia mafuta ya injini kidogo kwenye kila tundu, nikazungusha tena, nikaweka buji mpya. Saa nne na nusu ikawaka. Moshi mwingi, lakini ikawaka. Makofi tena. Mama alitoka mlangoni, akatikisa kichwa kukubali, akarudi ndani.

Nikazima. Kikabaki kitu kimoja, kumalizia kusafisha njia ya maji. Nikachomeka mpira. Nikafungua bomba. Maji yakawa yanaenda.

Mchungaji akafika. Anataka kujua watu wapange mstari wapi, kwaya ikae wapi, mashine isisumbue mahubiri. Tukazungumza dakika kumi, labda zaidi. Nikarudi, nikafunga maji, nikabonyeza.

Tok.

Nikabonyeza tena kama mtu asiyeamini masikio yake. Tok.

Wakuu, nilitazama huku na huku natafuta wa kulaumu. Hakuna boti. Hakuna kamba. Hakuna kapiteni. Hakuna wanaoimba. Kuna mimi, na mpira wa maji, na mchungaji.

Nikampigia yule kijana wa Ulaya. Nikamuuliza, "Kaka, maji ya kusafishia unafungua mbele ya kuwasha au nyuma?"

Naye akaniuliza: "Fundi, weye ulifungua mbele?"

Nikakata simu nikaketi mchangani.

Ni kinyume, wakuu. Kinyume kabisa na pipa la baba yangu. Jet ski unaiwasha kwanza, ndipo unafungua maji. Kwa sababu moshi wa injini inayozunguka ndio unaoyasukuma maji nje. Injini ikiwa imezima, maji hayana wa kuyatoa, yanajaa kwenye bomba la moshi, yanarudi ndani. Na kuzima ni hivyo hivyo: unafunga maji kwanza, unavuta gesi kidogo yaliyobaki yatoke, ndipo unazima. Tena nchi kavu usiiache iungurume muda mrefu, dakika moja mbili inatosha.

Ijumaa niliyaacha maji yaende dakika kumi kwenye injini iliyozima, huku namtukana mtu.

Labda na ule mvuto wa kasi ulichangia. Sijui, sitajua. Ila Jumamosi hakukuwa na mvuto, na maji yalikuwa ni yaleyale.

Nilijisikia vibaya, acha tu. Miaka yote hii najiita fundi. Siku tatu naona wajinga kila upande, na mjinga mwenyewe ndiye aliyeshika spana.

Mama Espoir alikuwa amesikia ile tok. Akatoka.

"Tena?"

"Tena, mama. Leo ni miye."

"Na jana?"

"Jana pia ni miye, naona."

Hakunigombeza. Angenigombeza ningepumua. Alisema, "Espoir hakupata wa kumuvuta," akaniletea taulo kavu za kufutia mashine.

Nikaanza upya. Buji nje, maji nje, mafuta ndani. Hakuna aliyenipa ushauri safari hii, hata yule wa sensa alinishikia taa ya simu tu. Saa tisa ikawaka. Nikafungua maji nyuma ya kuwasha, nyuzi tatu za buluu zikatoka, ndogo kama kucha. Nikafunga maji, nikazima. Nikawasha. Nikazima. Nikawasha mara kumi, nikaenda nayo ziwani, nikarudi. King'ora kimya.

Kisha nikachukua rangi nyeupe nikaandika kwenye tangi la bafu, herufi kubwa: WASHA KWANZA. MAJI BAADAYE. Mama akasoma, akaniambia herufi moja imepinda.

JUMAPILI

Alfajiri, kabla ya kanisa, nikaenda Kalundu. Kapiteni Sadiki alikuwa anakumba maji kwenye boti yake kwa kopo, vijana wanapakia. Nilimtukana mbele yao, kwa hiyo na msamaha nikauombea mbele yao. Nikaeleza yote, mpira, pipa, tok ya pili. Vijana wakaanza kucheka, naye akawanyamazisha.

Akasema, "Mashini, sawa. Mashini inakufa, inafufuka. Lakini lile neno, lirudishe."

Nilijua neno lipi.

Nikasema, "Muzee, mukinikuta nimezima, munivute."

"Ata kama naenda mbio?"

"Polepole, muzee. Ila munivute."

Akanipa mkono. Akaniuliza polepole yenyewe ni ya kiasi gani, nikamwonyesha kwa kutembea mchangani, yeye anatazama miguu yangu kama mwanafunzi. Nikaondoka nimejaa aibu, lakini nimepumua.

Saa tatu watu wamejaa plaji. Kwaya, kanzu nyeupe, mchungaji wa Bukavu. Nikajisogeza kusimama na familia yangu mbele kabisa. Mama Espoir akanishika mkono, akanivalisha ile kamba nyekundu, akaifunga yeye mwenyewe.

"Weye utakaa kule," akasema, akionyesha pikipiki ya Espoir.

Kwa hiyo ubatizo wa mwanangu niliutazama kutoka majini, nimekaa juu ya jet ski iliyozima, kamba mkononi, mita thelathini kutoka kwa watu. Naomi alizama, akatoka, akafuta macho. Nikamuona ananitafuta ufukweni, kwa mama yake, kwa bibi yake. Hanioni. Ndipo akageuka ziwani. Nikamuinulia mkono wenye kamba.

Na wakati uleule ikapita boti ya Kapiteni Sadiki, inaelekea Baraka. Boti ile haijawahi kupunguza mwendo ikipita plaji. Ilipunguza. Ilipita polepole kabisa, mwendo wa mtu anayetembea, mawimbi yasiwafikie waliokuwa wanabatizwa. Kapiteni amesimama nyuma, ameshika kamba yake juu ili niione. Hawakuimba mpaka walipotuvuka.

Ndivyo ilivyokuwa, wakuu.

Nilichojifunza kuhusu jet ski nimeshakiandika huko juu, kakisomeni. Kuhusu mimi mwenyewe: nilikuwa najua kazi yangu kiasi cha kutouliza swali la dakika moja, na kwa sababu hiyo nilimtukana mtu aliyenitoa ziwani.

Wenye mashine hizi Kigoma, Bujumbura, Mwanza, popote, naombeni uzoefu. Hasa huu uzi wa vyandarua, mnauzuiaje usiingie kwenye mdomo wa pampu? Na kama kuna fundi wa boti mwingine humu aliyeanza na maji ya pipa kama mimi, ajitokeze, nisiwe mjinga peke yangu.

Papa Bahati anawasalimu. Ufunguo wa choo sasa ameufunga kwa kipande cha chandarua cha buluu.